MREJESHO: Ile ishu ya kupaka rangi ili kutuliza kichwa baada ya kazi

Habari zenu wakuu, wale mliochangia nilipouliza mtu wa ofisini Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, anayerudi usiku kichwa kimejaa mafaili afanye nini, wengi mkasema nunua rangi na brashi, nimerudi. Aisee asanteni sana, nalala vizuri siku hizi.

Nimeanza na rangi ya akriliki maana unachanganya na maji tu, haina harufu ya tapentaini na ndani kuna watoto. Shida ni hewa kavu ya Dom na ule upepo, rangi inakauka kwenye sahani kabla hujachovya mara ya pili, kwa hiyo naitandika juu ya kitambaa kibichi na chupa ya kupulizia maji iko pembeni, hapo unachanganya taratibu bila presha. Dada aliyeshauri nyekundu, njano, bluu na nyeupe basi, ubarikiwe, kijani cha mizabibu napata, hata udongo wetu mwekundu napata, na ile kuitafuta rangi mpaka ikubali ndiyo inanisahaulisha ofisi kabisa.

Halafu wikiendi moja tukaenda Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, iliyoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006, watu warefu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu, yani nilisimama pale nikakosa la kusema. Sasa najaribu watu wa namna ile.

Anayejua duka la karatasi nzito hapa mjini aniambie, naagiza Dar na gharama ya basi inapandisha bei.