Mgonjwa wa bipola anatumia lithiamu, sasa ana jongo: apewe nini?

Swali: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa wa bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) yuko kwenye lithiamu, dawa ya kutuliza hisia hizo; kidole gumba cha mguu kimevimba, asidi ya yuriki ni mikromoli 540 kwa lita. Diklofenaki ya maumivu inafaa? Na je, asidi hiyo ndiyo inampandisha mania (msisimko uliopitiliza)?

Jibu 1: Diklofenaki na ibuprofeni weka kando, mkuu. Zinaifanya figo ishindwe kutoa lithiamu, kiwango kinapanda: mikono inatetemeka, anaharisha, anayumba. Kama figo ni nzima, mpe kolchisini, dawa ya jongo, miligramu 1, kisha 0.5 baada ya saa moja, halafu aishie hapo. Predinisoloni hutuliza jongo lakini inaweza kuwasha mania. Pima lithiamu saa 12 baada ya dozi ya mwisho, ikizidi milimoli 1.5 kwa lita ni sumu.

Jibu 2: Angalia na dawa ya presha. Haidroklorothiazaidi hupandisha vyote viwili, lithiamu na asidi ya yuriki. Mara nyingi mchawi ni huyo.

Jibu 3: Kwenye mania asidi ya yuriki huwa juu kiasi, ila kuwa juu si kuwa chanzo. Alopurinoli, dawa ya kushusha asidi hiyo, imejaribiwa kutibu mania pamoja na lithiamu, majibu yakagongana. Mpe kwa ajili ya jongo tu: anza miligramu 100, na akitoka upele aache siku hiyohiyo.

Kwa taarifa, John Cade, daktari wa akili wa Australia aliyechapisha matokeo yake 1949, alikuwa akichunguza asidi ya yuriki, akaichagua lithiamu kwa sababu chumvi yake ya yuriki huyeyuka kirahisi. Simbilisi aliowadunga wakapoa. Akajaribu lithiamu kabonati bila yuriki, wakapoa vilevile.