Mjadala: Mwanamitindo wa Mwanza alipwe, au "jina" linatosha?

Wadau, naomba tulizungumze hili. Jumamosi nilipanda jukwaani mara sita kwenye onyesho la mavazi hapa Mwanza. Mazoezi wiki mbili, daladala kutoka Igoma kila jioni, viatu vyangu mwenyewe. Mwenye ukumbi alilipwa, MC alilipwa, DJ alilipwa. Sisi tukaambiwa, "Mnajenga jina." Mimi nasema ile ni kazi, na mfanyakazi hulipwa.

Tukidai, tunatajiwa Flaviana Matata, mwanamitindo wetu aliyefika hadi majukwaa ya nje. Ni wa kanda hii hii, mzaliwa wa Shinyanga. Mama yake alifariki MV Bukoba ilipozama mwaka 1996. Mwaka 2007 aliingia kumi bora Miss Universe. Lakini wanaomtaja husahau kuwa kabla ya taji la Miss Universe Tanzania alikuwa ameshasomea mambo ya umeme. Alikuwa na pa kurudi. Binti anayeacha chuo kwa ahadi ya jina atarudi na nini?

— Dada, mimi ni fundi cherehani, Kirumba, na nguo za maonyesho nabuni mwenyewe. Unasema kweli, ila kitambaa nachukua kwa mkopo, na gauni la jukwaani likipata mteja namshukuru Mungu. Nikilipa wanamitindo kumi, cherehani yenyewe itauzwa. Hapa si Dar, kampuni za matangazo ni chache. Tukibanana sana maonyesho yatakufa, nanyi mtakosa hata pa kuonekana.

— Kaka, nakuelewa, wala sikudai wewe. Namdai aliyeuza tiketi. Tena linaloniuma zaidi ni picha: onyesho lilikwisha usiku uleule, lakini sura yangu bado inauza nguo kwenye ukurasa wa duka ambalo sijawahi kuingia. Hakuna aliyeniuliza.

New York, kwenye kazi kubwa kabisa za mitindo, ilibidi itungwe sheria, ikasainiwa Desemba 2024: wakala asikate zaidi ya asilimia 20 ya malipo ya mwanamitindo. Kama huko jina halikulipa kodi ya chumba, litalipa Igoma?

Tuanze na karatasi moja: siku ngapi, shilingi ngapi, picha zitatumika wapi na hadi lini. Na wewe kaka, kama fedha haipo, andika kwamba malipo ni gauni nitakalovaa. Hiyo nasaini.