Naomba ushauri: ekzosi ya ubavuni kwenye Cobra ya kuigiza

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Nina gari lililoundwa kwa mfano wa AC Cobra, gari la michezo la miaka ya 1960, bodi ya faiba, injini ya V8 (silinda nane). Nimenunua ekzosi (mabomba ya moshi) mpya ya stenlesi inayopita ubavuni chini ya milango: kila upande mabomba manne yanaungana kuwa moja, kisha sailensa ya kupunguza kelele.

Bolti za manifoldi, yaani sehemu ya ekzosi inayofungwa kwenye injini, ziliingia zote vizuri. Shida ni pale mabomba yanapotokea kwenye tundu la bodi. Kulia kidole kinapita kati ya bomba na bodi, kushoto hata laini ya simu haipiti. Niliwasha injini dakika 5 tu, nikasikia harufu ya faiba inaungua, na rangi pale ikavimba kama lengelenge. Imeniuma sana, maana rangi ile niliipiga kwa mikono yangu.

Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo inacheza, na stenlesi ikipata moto hutanuka kuliko chuma cha kawaida. Ndiyo maana naogopa kuikaza sailensa moja kwa moja kwenye chesisi, isije manifoldi ikapasuka. Mliowahi kufunga mlitumia hanga za raba, au mliweka na kiungo kinachonyumbulika? Na lile tundu, nilipanue niweke bati la kukinga joto, au kwanza nilegeze raba nisogeze injini?

Pia mguu unagusa bomba wakati wa kushuka. Nani amewahi kulifunika bila kuharibu mwonekano?