MREJESHO: Kusomea kemia ya uchunguzi wa jinai
Wakuu, niliuliza kama nitafute digrii yenye jina la kemia ya jinai au nisome kemia ya kawaida. Asanteni sana mliojibu.

Nimefuata ushauri wa wengi: niko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kemia ya kawaida. Hoja yenu ina mashiko. Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambako vielelezo vya jinai hupimwa, nafasi ni chache na zinagombaniwa, ila kemia inakufungulia pia TBS (shirika la viwango), TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), maabara za maji na viwanda.

Kilichokwama ni fildi (mafunzo kwa vitendo). Maabara ya jinai haikunipa nafasi, nikaangukia kiwanda cha vinywaji. Si haba, maana HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali zilizo kwenye sampuli) ni ileile: chuja sampuli kwa kichujio cha mikromita 0.45, toa hewa kwenye kimiminika kinachobeba sampuli, pima kwanza viwango vya kulinganishia (sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana). Ukiruka kuchuja, koloni (bomba ambamo kemikali hutengana) inaziba na presha inapanda.

Usichokipata huko ni utunzaji wa vielelezo: lakiri, fomu, saini ya kila aliyevishika. Hapo ndipo mawakili hupenda kubana shahidi, hata kama kemia yako imenyooka. Kwa hilo nimebaki na kusoma hukumu za kesi za dawa za kulevya kwenye TanzLII (tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania), bure kabisa.