Mikopo kwa wasanii ni sawa, lakini ngoma ya kijijini nani ataigharamia?

Mleta mada

Wakuu, naomba tujadili jambo hili kwa utulivu. Siku hizi tukisema serikali inawasaidia wasanii, mara nyingi tunamaanisha mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unakopesha kupitia benki, na wapo waliokopa wakanunua kamera au wakafungua studio. Sipingi hata kidogo. Mwenye kitu cha kuuza akipata mtaji atauza, atarejesha, na mwenzake atakopa.

Mimi nawasemea wasio na cha kuuza. Huku kwetu Dodoma kuna mzee, fundi wa zeze. Anachonga mwenyewe, anawamba ngozi, anafunga nyuzi, na jioni vijana wanakusanyika kwake kujifunza kupiga na kupokezana sauti kama Wagogo waimbavyo. Hawamlipi, na yeye hajawahi kuwadai. Mwaka juzi tulimshawishi akaombe mkopo. Ofisi tuliyokwenda ilimuuliza dhamana yake ni nini, andiko la biashara liko wapi, na kwa mwezi anauza kiasi gani. Kwa mkopeshaji ni maswali ya haki kabisa. Mzee alinyamaza, akalibana zeze lake kwapani, tukarudi nyumbani. Simlaumu ofisa yule. Ila tulimpeleka mzee kutafuta dawa isiyo ya ugonjwa wake: alichohitaji ni posho ya kufundisha, siyo deni.

Nchi hii haikuanza hivi. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa Jamhuri changa, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Sababu aliyoitoa bado inanigusa: wasomi wetu walijua rumba, chachacha na waltz, lakini ni wangapi kati yao waliowahi kucheza, au hata kusikia habari za gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama? Haukupita muda mrefu kikaundwa kikundi cha ngoma cha taifa. Hukwe Zawose, Mgogo wa huku huku kwetu, alipitia humo na baadaye akaweka makazi Bagamoyo, kilipofunguliwa Chuo cha Sanaa ambacho leo ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Dunia ilikuja kumjua kwa zeze na ilimba, ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza wakamrekodi. Alifariki mwaka 2003, na hadi leo ukoo wake bado unapiga. Benki gani ingemkopesha kijana wa miaka ya 1960 kwa dhamana ya ilimba?

Na siyo ngoma tu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, na Mlimani Park ikaja kulelewa na DDC, shirika la maendeleo la Jiji la Dar es Salaam. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki akilipwa mshahara kila mwezi. Nyimbo tunazoziita za zamani, zinazopigwa redioni mpaka leo, sehemu kubwa zilitungwa na watu ambao walikuwa na uhakika wa kula mwisho wa mwezi.

Pendekezo langu linaanzia halmashauri. Tayari zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha sanaa kinaweza kuomba humo, lakini lazima kionyeshe mradi wa kurejesha. Nimeshuhudia kikundi cha maigizo kikiandika mradi wa kuku ili kipate fedha. Wakafuga kuku, na maigizo yakafa. Nasema pembeni ya asilimia hiyo 10 kuwe na ruzuku ndogo, isiyorudishwa, ya kumlipa fundi anayefundisha, kuwamba ngoma, kushona mavazi na kulipa nauli kikundi kikienda kushindana. Hatuzungumzii mabilioni. Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umeisimulia historia nusu. Hizo bendi za mashirika zilikufaje? Mashirika yalipoyumba na mengine kubinafsishwa, nyingi zilikufa nayo kwa sababu hazikuwahi kusimama kwa miguu yao. Sanaa inayonyonya serikali siku ikiachishwa ziwa inazimia.

Halafu kuna jambo unalijua ila hujalisema. Anayemlipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Kikundi kikipewa ruzuku na halmashauri, siku mgeni rasmi anakuja kitaitwa uwanjani kumsifu. Ngoma yenye mafumbo, ile inayomsema mkubwa bila kumtaja, nani ataicheza tena?

Nenda Usukumani ukajifunze. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wameshindana vizazi na vizazi. Baada ya mavuno manju, kiongozi wa ngoma, anatunga, wanakijiji wanachanga, anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Pale Bujora, karibu na Mwanza, ngoma zinajaa uwanja. Hakuna aliyesubiri ruzuku.

Na fedha za bure zina wenyewe. Hiyo asilimia 10 unayoisifu ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho mabovu, ikarudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kama mkopo tu ulizaa vikundi hewa, ruzuku itazaa nini? Zahanati yetu haina kitanda cha kujifungulia. Nikiulizwa, shilingi ya kwanza iende huko.

Mchangiaji wa pili

Mimi niko ndani ya halmashauri, idara ya utamaduni. Nitasema moja tu. Tunahesabiwa kuwa tupo, lakini nikitaka kwenda kata ya mbali kuona kikundi kinafanya nini, naomba lifti kwenye gari la watu wa afya. Hata mkianzisha ruzuku hiyo, mtu wa kuisimamia mpeni mafuta kwanza.

Mleta mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, nashukuru, umenilazimisha nifikiri upya. Naanza na nilipokosea. Kweli, bendi kuajiriwa na shirika moja kulizifunga. Simtaki mzee wangu wa zeze awe mtumishi wa halmashauri. Ndiyo maana nasema ruzuku ndogo, ya msimu, kwa kazi inayotajwa: miezi mitatu ya kufundisha vijana kumi. Ikiisha, yeye anabaki fundi na wao wanabaki na ufundi. Ila tukumbuke Msondo (ile NUTA Jazz) na Sikinde (Mlimani Park) hawakufa. Waliolelewa vizuri, wengine waliweza kutembea.

Kuhusu Wagika na Wagalu, mfano wako ni mzuri na sina la kuupinga. Pale Usukumani ipo hadhira, upo ushindani, na upo mchango wa wanakijiji uliozoeleka. Penye hayo serikali ikae mbali, isije ikaharibu. Lakini siyo kila ngoma ina uwanja wa Bujora. Zeze la mzee ni la watu wanane wameketi chini ya mti. Huwezi kulipima kwa wingi wa watazamaji, na akiondoka yeye, hapa kijijini hakuna wa pili.

La mgeni rasmi ni zito kuliko yote, na nimelala nalo. Hatari hiyo ipo leo hii bila ruzuku. Vikundi vingi vinaishi kwa mialiko ya sherehe za kiserikali na mikutano ya kampeni, na kwa njaa hiyo wanaimba wanachoambiwa. Mwenye kitu kidogo cha uhakika, kilichoandikwa kwamba ni cha kufundisha, anaweza angalau siku moja kusema "hatuji". Asiye na kitu atakuja tu.

Vikundi hewa: hapa sanaa ina kinga ambayo miradi mingine haina. Mradi wa kuku unaweza kuuandika kwenye karatasi tu, nani atakwenda kuhesabu vifaranga? Ngoma haifichiki. Kila mtu kijijini anajua nani anapiga, nani anaimba na wanakutana wapi. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Majina ya vikundi yasomwe pale hadharani, na kikundi kicheze pale pale kabla ya muhtasari kutiwa saini. Asiyeweza kucheza mbele ya majirani zake asipewe.

Zahanati, naomba usinipambanishe nayo. Mke wangu alijifungulia kwenye zahanati ya aina hiyo na najua uchungu wake. Lakini sijawahi kuona kitanda kikinunuliwa kwa fedha iliyonyimwa ngoma. Fedha hiyo huwa haipo kabisa kwenye kitabu, kwa hiyo hakuna aliyeokoa chochote.

Na wewe wa idara ya utamaduni, mafuta yako nimeyaandika juu kabisa kwenye barua tunayompelekea diwani wetu kabla madiwani hawajakaa kupitisha bajeti. Chini ya mafuta nimeandika posho ya fundi mmoja, ngozi na nyuzi. Kama kuna mtu ambaye halmashauri yake imewahi kutenga kifungu cha namna hii, hata kidogo, aniandikie walikiitaje, maana bila kifungu chenye jina mhasibu ataturudisha mlangoni.