Nimepigwa kosa kwa jibu sahihi, nani kawadanganya florini ndo inaongoza kupokea elektroni??

Wakuu nina hasira hapa hata kuandika nashindwa. Niko kidato cha tano PCB, juzi tumerudishiwa pepa ya kemia, swali linauliza halojeni gani (florini, klorini na wenzao wa grupu lile) ina enthalpi ya kupokea elektroni iliyo hasi zaidi, yaani atomu yake ikipokea elektroni moja inatoa nishati nyingi kuliko wenzake, nikaandika klorini na sababu nikaweka, nimepigwa kosa jekundu! Maksi nne zimeenda. Naenda kuuliza naambiwa "florini ndo iko juu kwenye grupu, desa (zile notsi za kopi) linasema hivyo."

Desa!! Lile lile linalotolewa kopi kila mwaka na makosa yake. Si mfungue jedwali la data jamani: florini -328, klorini -349, bromini -325, iodini -295, kilojuli kwa moli. Kuanzia klorini kushuka chini inapungua kama tulivyofundishwa, sawa, ila pale juu florini imeharibu mpangilio, na sio kwa halojeni tu, hakuna elementi yoyote inayoifikia klorini.

Sababu wala sio ngumu. Florini ni kipanya, klorini ni kosta. Zote zina abiria saba siti za nje, ila kwenye kipanya wale saba washabanana, wa nane akipanda anakutana na viwiko, kiini kinamvuta kweli tena kiko karibu lakini msukumano wa elektroni unakula sehemu ya ile nishati. Oksijeni na salfa nako hivyo hivyo, -141 kwa -200.

Mwalimu akaja na "mbona florini ndo inaoksidisha, yaani kunyang'anya wengine elektroni, kuliko zote?" Mwalimu shikamoo, ila hicho ni kitu kingine! Pale unaanza na F2 sio atomu moja, na bondi ya F-F ni dhaifu, 158 tu, ya Cl-Cl 242, chukua nusu nusu yaani 79 na 121 (atomu moja ni nusu ya molekuli) ujumlishe na zile -328 na -349, florini inabaki -249 klorini -228. Klorini ishapitwa hapo, na bado hujahesabu joto linalotoka kaioni kadogo ka floridi kakizungukwa na maji. Na ile elektronegativiti ya florini ya 4.0 ni habari za atomu kuvuta elektroni ikiwa ndani ya bondi, msituchanganyie.

Kinachoniuma zaidi kuna mshkaji nilimfundisha mimi mwenyewe usiku wa kuamkia pepa, kaandika klorini, dakika za mwisho kafuta kaweka florini, eti "wape wanachotaka". Kanizidi maksi tatu na ananicheka.