Besimenti iliingia maji, sasa ukungu mweusi umepanda ukutani, nianzie wapi?

MkwajuWaOhio
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri maana nimechanganyikiwa. Niko Columbus, Ohio, nyumba yetu ina besimenti, kwa walioko nyumbani hicho ni chumba kizima kiko chini ya ardhi, huku ni kawaida. Wiki mbili zilizopita tulienda harusini Dallas siku tatu, mvua ikapiga, umeme ukakatika, na ile pampu ya kwenye shimo la kona inayotoa maji nje ikazima. Kurudi tunakuta maji ya vifundoni, kapeti lote chepechepe, vitenge vya wife vinaelea. Nikavuta maji, nikawasha feni mbili, nikajua yameisha. Sasa chumba kinanuka kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa, na jana nimesogeza kabati nakuta madoa meusi na ya kijani kwenye jipsamu. Kampuni moja imekuja dakika kumi tu ikanitajia dola elfu saba!! Mdogo wangu anasema mwaga Jik piga rangi basi. Nina mtoto ana pumu, na mama mkwe anakuja mwezi ujao toka Tanga, chumba cha wageni ndo hicho hicho. Msaada tafadhali.

Kitunguu_Maji
Pole mkuu. Wazungu wanapenda kukuza mambo, sisi Jangwani maji yanaingia ndani kila masika na tunaishi. Jik lita mbili, fungua madirisha, weka jiko la mkaa usiku mmoja humo ndani, asubuhi pakavu kama Dodoma.

FundiBaridi
Kitunguu usimuulie mwenzio familia!! Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa chini ya ardhi hiyo hewa yake haina harufu na inaua, na wanaolala juu nao wamo. Hata jenereta usiliweke humo.

Mkwaju, mimi nipo Minnesota na kazi yangu ndo hiyo, kukausha nyumba zilizoingia maji, sasa nisikilize. Ukungu unaanza kama kitu kimekaa na maji zaidi ya siku moja mbili hivi, wewe umekaa siku tatu bila kugusa kwa hiyo hapo hakuna muujiza. Jik itakutoa rangi ya doa tu, jipsamu ina karatasi na inakunywa maji kama sponji, mizizi inabaki ndani, wiki tatu doa limerudi limetoboa rangi yako mpya. Jipsamu iliyoota inakatwa. Kata angalau futi moja juu ya pale doa linapoishia, na hiyo sufi ya kuzuia baridi iliyojazwa ndani ya ukuta kama imelowa itupe. Kapeti na sponji yake vimelala na maji siku tatu, tupa, usilie. Mbao za ndani hazitupwi, unasugua kwa maji na sabuni, unakausha.

Kabla ya yote zima umeme wa huko chini kama maji yalifika kwenye soketi, vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, funga mlango wa ngazi kwa nailoni na ziba matundu ya hita ya nyumba, la sivyo utasambaza vumbi la ukungu mpaka chumba cha mtoto. Mtoto mwenyewe mpeleke kwa jirani siku hiyo. Na Jik usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia yenye amonia.

Madirisha sasa. Hapa wengi toka nyumbani tunakosea, mimi mwenyewe nilikosea kwangu. Kiangazi cha huku hewa ya nje ina joto na unyevu, ikigusa ukuta wa baridi wa chini inatoa jasho, yaani umefungua dirisha kukausha kumbe unamwagilia. Funga, nunua mashine ya kunyonya unyevu, na kale kakipimo ka dola kumi, unyevu wa hewa ushuke chini ya asilimia 60, ukifika 50 vizuri zaidi. Usifunge ukuta mpya hata kama mke anakuharakisha mpaka mbao zikauke kabisa.

Madoa yana ukubwa gani? Shirika la mazingira la serikali, EPA, wanasema kama ni chini ya futi 10 za mraba, kama kipande cha futi tatu kwa tatu, mwenye nyumba anaweza mwenyewe. Zaidi ya hapo ita watu, ila chukua bei tatu.

MamaZuwena
Kaka Mkwaju usitupe kitu kabla hujapiga picha! Mimi nilitupa kapeti kwanza ndo nikapiga simu bima, nikaulizwa ushahidi uko wapi. Na usome karatasi zako, bima ya kawaida ya nyumba huwa hailipi maji yaliyotoka nje ardhini, na pampu kuzima mara nyingi ni nyongeza unayolipia pembeni. Lingekuwa bomba limepasuka ghafla ingekuwa habari nyingine.

Saruji_Kinondoni
Swali la fundi wa huku, lile bomba la gata linamwaga maji wapi? Na kama kuna unga mweupe kwenye zege hiyo ni chumvi ya ukuta, siyo ukungu, tone la maji linaiyeyusha. Lakini inakuambia maji yanapita.

MkwajuWaOhio
Wakuu nimerudi. Picha nimepiga, bima ile nyongeza hatuna, nimeumia. Nimekata jipsamu Jumamosi na shemeji, doa lilikuwa kama futi mbili kwa tatu nje, ndani limeenda mbali kidogo ila mbao ni nzima. Saruji ubarikiwe, bomba la gata linamwaga palepale ukutani kwa msingi, nimeliongeza futi sita kwa dola kumi na mbili. Yaani dola kumi na mbili! Pampu nimeiwekea betri. Kipimo leo kinasoma 57, jana kilikuwa 71. Vitenge vimefuliwa mara mbili, viwili bado vinanuka na wife hataki kusikia habari ya kuvitupa. Mama mkwe atalala chumba chetu, sisi sebuleni.

Kitunguu_Maji
Kumbe mkaa ni hatari hivyo, sikujua. Msalimie mama mkwe, mwambie sebuleni kwenu pakavu.